MKULIMA NA MAJIRA: Jua la Kuanikia

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa asubuhi ya mwezi wa Julai, mvua ya alfajiri ikiwa imekwisha kupita na jua limeanza kupanda, ataona kazi moja ikifanyika karibu kila mahali penye nafasi ya kuifanyia. Hapa pametandikwa jamvi, na juu yake zimepangwa ndimu zilizotiwa chumvi kwa ajili ya achari. Pale, kuelekea Bandari ya Kale, mchuuzi wa samaki ametundika ng'onda zake. Mbele kidogo ni pilipili, na mbele ya hizo ni unga uliorowa ambao mwenyewe anajaribu kuuokoa. Kila mwenye kitu chake juani amekaa mahali awezapo kuliona wingu litokalo baharini, na likija hapana amngojaye mwenzake.

Kisiwa chenyewe hakina shamba la kutajika siku hizi. Kimejaa nyumba, maduka, afisi na maghala, na minazi iliyosalia mingi ni ile ya uani. Walakini ni mji uliofungamana sana na mashamba. Karani wa afisi ana kijishamba cha urithi Likoni au Kisauni. Mwenye duka karibu na Marikiti ana minazi yake Mtwapa aliyomwachia jamaa aitunze. Na mkulima wa Kwale au Kilifi avukaye na magunia yake hupimiwa na kuhukumiwa papa hapa mjini, mbele ya mizani ya mnunuzi. Kwa hiyo swali la kama jua litawaka kesho si la mtu wa shamba peke yake. Huulizwa barazani kila jioni, na tangu miaka mingi hujibiwa kwa njia mbili zisizopatana: redio yasema hivi, na wazee wasema vile.

Yafaa kwanza ieleweke ni jua kiasi gani linalotakiwa, maana wako wadhanio kwamba kuanika ni kukiweka kitu juani na kwenda zako. Chukua mbata. Nazi iliyokomaa ikifuliwa na kupasuliwa, nyama yake huwa nusu ni maji. Mbata iliyo tayari kuuzwa haipasi kuwa na maji zaidi ya sehemu 6 au 7 katika 100. Maana yake ni kwamba mwenye kilo 100 za nyama mbichi ya nazi hana budi kuyaacha maji ya kilo 47 hivi yaende hewani, naye abakiwe na kilo 53. Kazi hiyo, kwa jua zuri, huchukua siku tano hata saba. Mwanzoni nyama hukaa ndani ya kifuu, uso wake juu. Jioni hugeuzwa au hufunikwa kwa sababu ya umande. Baada ya siku mbili hivi huanza kubanduka, ikachokolewa na kutandazwa upya. Siku za hatari ni hizo mbili za kwanza. Nazi iliyonyeshewa siku ile ile ilipopasuliwa hufanya utelezi, kisha huota ukungu, na hata ikikauka baadaye rangi yake haiwi tena nyeupe. Mnunuzi huivunja mbele ya mwenyewe: iliyokauka hukatika kwa mlio, isiyokauka hupinda. Hapo hapana la kubishana.

Katika Januari na Februari, pepo za kaskazi zivumapo na mvua imekuwa haba, hata mtoto aweza kukausha mbata. Taabu ni kwamba mnazi hauna msimu. Huangusha mwaka mzima, na shida za nyumbani nazo hazina msimu. Mahindi ndiyo yenye taabu kubwa zaidi. Yaliyopandwa mvua za masika zilipoanza, mwezi wa Machi au Aprili, hukomaa Julai na Agosti. Na hiyo ndiyo miezi ya mchoo, yale manyunyu ya kusi yajayo kutoka baharini, mara nyingi usiku na alfajiri, yakanyesha dakika kumi mtaa huu na kuuacha mtaa wa pili mkavu. Mkulima wa pwani amepewa mavuno yake katika wakati ambao hakuna awezaye kumwapia siku tatu za jua mfululizo.

Mfugaji naye yumo katika shida hiyo hiyo. Waingereza wana methali yao ya kumhimiza mtu akaushe nyasi jua likiwapo, na haikutungwa na watu waliokuwa na jua jingi. Nyasi za kuwawekea ng'ombe akiba hukatwa zinapoanza kuchanua, wakati zingali na nguvu. Yaani mara tu baada ya mvua kubwa, kabla mawingu hayajamaliza kuondoka. Mfugaji akingoja ukavu wa hakika, zitakuwa zimekomaa kama makuti na ng'ombe watazila bila kutoa maziwa. Akikata mapema na mvua ikanyesha, huoza pale pale zilipolala. Akizifunga zikiwa na unyevu, hupata moto ndani kwa ndani, na ghala zimewahi kuungua kwa sababu hiyo. Wenye ng'ombe wawili au watatu hapa pwani hawahitaji mashine ya kufungia. Hutumia sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, hushindilia nyasi kwa miguu na kuzifunga kwa kamba, wakapata mzigo wa kilo 20 hivi. Lakini sanduku halikaushi kitu.

Wala jambo hili si la fedha tu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumu iitwayo aflatoksini. Hutoka katika ukungu uotao juu ya nafaka iliyowekwa ghalani ikiwa bado na maji. Haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Wengi wa walioathirika walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, waliyoyaingiza ndani kabla hayajakauka. Ukungu huo huo huipenda njugu, na huipenda mbata pia. Mahindi hayana budi kushuka mpaka sehemu 13 na nusu za maji katika 100 ndipo yawe salama, nayo hutoka shambani mara nyingi yakiwa na 20 au zaidi. Basi mtu alalamikaye juu ya utabiri wa redio halalamiki juu ya jambo dogo.

Utabiri wa Serikali si kitu cha juzi. Idara ya kwanza ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1929, mkuu wake akiwa Albert Walter, mtaalamu wa hesabu aliyetoka Mauritius. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na idara yake, na ya Kenya ina maofisa wake hata katika kaunti. Kwa muda wote huo kosa la mtabiri limekumbukwa kuliko usahihi wake, naye hapaswi kulia kwa hilo. Hata mpishi hukumbukwa kwa siku aliyounguza wali.

Lakini makosa si ya namna moja, na hapa ndipo mazungumzo ya barazani hupotea njia. Kuna kosa la kutabiri mvua isije, na kuna kosa la kutabiri jua ikaja mvua. Mwaka 2015 nchi nzima ilionywa kwamba El Niño inakuja. Fedha zikatengwa, mifereji ikazibuliwa, watu wakakumbuka mafuriko ya mwaka 1997 yaliyoikumba Pwani na kukata barabara. Mvua za vuli zilizokuja hazikuwa za kutisha kama zile, na watabiri wakachekwa. Mwaka 2023 mambo yakawa kinyume. Idara ilitangaza mwezi wa Agosti kwamba vuli ingekuwa na mvua nyingi kuliko kawaida. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba El Niño iliyoogopwa haingekuwapo. Na Novemba mvua ikashuka, maji yakajaa katika mitaa ya Mombasa, na nchini kote zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Aliyezibua mtaro wake bure mwaka 2015 alipoteza jasho la siku moja. Aliyeacha kuuzibua mwaka 2023 alipoteza godoro, na wengine walipoteza zaidi ya godoro. Si haki makosa hayo mawili kutiwa katika kapu moja na kuitwa uongo wa redio.

Sababu ya mwaka 2015 kuwa mpole inajulikana, na ni sababu inayomhusu mtu wa pwani kuliko watu wote. El Niño ni joto la maji katika bahari ya Pasifiki, mbali sana na hapa. Vuli yetu husukumwa zaidi na bahari yetu wenyewe. Maji ya upande huu wa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huongezeka kwetu. Yakiwa baridi, hupungua. Wataalamu waliieleza tabia hiyo ya bahari yenye ncha mbili mwaka 1999, ingawa ilikuwapo siku zote. Mwaka 1961 vuli ilinyesha kwa namna ambayo Afrika Mashariki haikuizoea, Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata, wala mwaka huo haukuwa wa El Niño. Mwaka 2019 ulikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilishirikiana. Mwaka 2015 Pasifiki ilikuwa na joto kubwa, lakini Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu ile.

Kwa hiyo vuli yatabirika kwa kiasi, kwa kuwa bahari hubadilika polepole na joto lake hupimwa miezi kabla. Masika ni mkaidi zaidi. Uhusiano wake na joto la bahari ni hafifu, na mtabiri wa masika hufanya kazi katika kiza zaidi kuliko mwenzake wa vuli. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za pembe hii ya Afrika hukutana kabla ya kila msimu na kutoa utabiri wa pamoja. Hawasemi mvua itanyesha au haitanyesha. Husema kwamba miaka yote ikigawanywa mafungu matatu, ya mvua nyingi, ya kadiri na ya chache, basi msimu ujao una nafasi kiasi hiki wa kuangukia fungu hili au lile. Ikisemwa nafasi ya fungu la mvua nyingi ni 45 katika 100, msikiaji hubeba nyumbani neno moja tu, nyingi, na zile 55 zilizobaki huziacha njiani. Ofisa hakusema uongo, na msikilizaji hakuambiwa kweli yote. Pengine lawama ni ya yule aliye katikati yao, mwenye kufupisha habari ili apate nafasi ya matangazo ya sabuni.

Lakini hata utabiri wa msimu ulio sahihi kabisa hauanui ng'onda. Mwenye kuanika anataka siku tano. Na hapo ndipo mchoo humshinda mtabiri. Mawingu yake ni madogo, huzaliwa baharini na kumwaga maji yao mara yafikapo nchi kavu. Mashine za hesabu huigawa nchi katika miraba ya kilomita kadhaa, na wingu moja la Likoni laweza kupita katikati ya mraba bila kuonwa. Basi taarifa husoma kwamba kutakuwa na manyunyu mahali pachache asubuhi na jua mchana. Mtu aweza kusema hivyo juu ya Mombasa kila siku ya Julai na asipatikane na kosa.

Husimuliwa barazani kisa cha karani mmoja aliyevuka kwenda Likoni siku ya Jumamosi, simu mkononi, akamkuta shangazi yake uani amekaa juu ya kigoda, mapanga yamelala na nazi hazijapasuliwa.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo redio yako ya mfukoni yasemaje leo?”

“Yasema manyunyu mahali pachache.”

“Na hapa petu ni mahali pachache, au ni pengi?”

Karani hakuwa na jibu, na inasemekana mpaka leo hana.

Upande wa pili wa baraza una hesabu yake, tena ni hesabu yenye heshima. Waswahili wa pwani hii tangu zamani wamekuwa na mwaka wa jua, uanzao siku ya Nairuzi, ambayo Mombasa huitwa Siku ya Mwaka, na ambayo watu wa Makunduchi huko Unguja huisherehekea kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Mwaka huo una siku 365, nazo huhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, miongo 36 na siku tano juu yake. Manahodha waliujua mwongo gani wa kutia nanga na mwongo gani wa kuondoka. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliingia Bandari ya Kale kwa kaskazi, kuanzia Desemba, na kurudi kwao kusi ilipoanza. Aliyechelewa mpaka kusi ikapata ukali wake katikati ya mwaka alifungiwa bandarini. Mkulima naye aliutumia mwongo kwa kupanda na kuvuna. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliandika tarehe zake za safari kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi.

Sasa lipo jambo ambalo wenye kuisifu hesabu hii hawalitaji, na wenye kuidharau hawalijui. Mwaka wa miongo hauna siku ya kuongeza. Kalenda ya afisini huongeza siku moja Februari kila baada ya miaka minne ili iende sawa na jua, Nairuzi haingoji. Kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja, na kwa miaka 100 hurudi siku 24 au 25. Katika zama za ibn Majid Nairuzi iliangukia Novemba. Leo yaangukia Julai. Mtu aliyemsikia babu yake akisema kwamba mvua kubwa huanza mwongo fulani, naye babu aliyapokea hayo kwa babu yake, anashika kanuni iliyosogea mwezi mzima kutoka mahali pake. Mvua haikuhama, ni mwongo uliohama.

Manahodha wenyewe hawakudanganyika, kwa kuwa walisafiri kila mwaka na kila kizazi kilisahihisha kidogo kile kilichopokea. Kosa lilianza hesabu ilipoacha kutumiwa kila siku, ikabaki kuwa kumbukumbu. Kwa sababu hiyo mzee akijibu kwa mwongo, ni adabu na ni busara kumwuliza kama aliushuhudia mwenyewe au aliambiwa.

Nyota hazina udhaifu huo. Kilimia huzama na jua lilipozama mnamo mwisho wa Aprili au Mei, kisha hupotea kwa majuma kadhaa, kikaonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Wahenga wakasema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo pia ni utabiri wa msimu, tena una sharti ndani yake kama ule wa maofisa. Wala haukusema lolote juu ya Jumanne ijayo.

Wako waliojaribu kuzikutanisha elimu hizi mbili. Huko Bunyore, magharibi ya Kenya, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa kusoma dalili za mvua katika miti, wadudu na ndege. Na tangu mnamo mwaka 2008 wazee wake wamekaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa, kila upande ukaleta utabiri wake, wakapatana juu ya tangazo moja la kuwapa wakulima. Faida yake haikuwa lazima kwamba utabiri ulikuwa bora kuliko ule wa Nairobi. Faida ilikuwa kwamba watu waliusikiliza. Hapa pwani, penye mabingwa wa miongo na wavuvi wanaojua pepo kwa majina, mkutano kama huo ungekuwa na mengi ya kuzungumza.

Wakati huo huo nazi ziko chini na mahindi yanaegemea. Ukitazama wale wakaushao mbata safi mwaka hata mwaka, utaona kwamba hawakupata mtabiri bora; wamejipanga ili kosa la mtabiri lisiwamalize. Nazi iliyokomaa na kufuliwa hukaa kivulini majuma bila kuharibika maadamu haijapasuliwa. Panga ndilo lianzishalo saa. Basi mwenye nazi 600 hapasui 600. Hupasua 200, akangoja zipite siku zake mbili za hatari, ndipo apasue nyingine. Mvua ikimdanganya, imemdanganya kwa fungu moja, na mafungu mawili yangali salama ndani ya vifuu vyake. Anayepasua zote Jumamosi moja kwa sababu redio imeahidi jua, huyo hakuanika mbata. Amecheza kamari, na redio haikumlazimisha.

Ya pili ni kufunika. Kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, na turubai iliyofungwa upande mmoja tayari kuvutwa, ni kazi ya dakika chache mvua ijapo. Na hapa kuna hesabu inayostahili kufanywa na kila mtu kwa kalamu yake mwenyewe. Ikiwa kufunika ni jasho la nusu saa, na fungu lililooza ni hasara ya juma zima, basi mtu atafunika hata kama nafasi ya mvua ni mbili tu katika kumi. Akifunika mara kumi na mvua ikaja mara mbili, amepoteza saa nne za bure na kuokoa majuma mawili. Lakini ukataji wa nyasi ni mambo mengine: nyasi za ekari nzima hazifunikiki, na kwa hizo mtu angoje mpaka nafasi ya jua iwe kubwa kweli. Utabiri ule ule, siku ile ile, wamwambia mwenye mbata hivi na mwenye nyasi vile, na wote wawili wamesikia sawasawa.

Ya tatu ni tanuri. Vifuu vilivyokwisha kutolewa nyama vikiwashwa hutoa moto mkali wenye moshi mchache, na mbata juu ya kichanja hukauka katika siku tatu au nne, mvua inyeshe isinyeshe. Kuni mbichi hazifai. Mbata yake hunuka moshi na kuwa nyeusi, na mnunuzi ana pua. Watu wengi huanza kwa jua na kumaliza kwa tanuri, kila mbingu zinapogeuka. Ajabu ni kwamba vifuu hivyo hivyo hutupwa katika mashamba mengi ambayo mwenyewe analalamika juu ya mvua.

Kwa mahindi iko njia rahisi ya kujua kama yamekauka, isiyohitaji chombo cha kununua. Twaa chupa safi ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kidogo, tia mahindi yajae robo ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yangali na maji na hayafai kuingia ghalani. Chumvi ikianguka yote chini, yamekauka. Chumvi ya pwani hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo ni lazima ikaushwe kwanza kwenye kikaango. Bila hivyo italaumu mahindi yasiyo na hatia. Na mahindi yatandazwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu, maana ukungu wa sumu hukaa udongoni.

Kwa mambo makubwa, tangazo la Serikali lisikilizwe na kutiiwa, hata likionekana limekosea. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwezi wa Mei 2024, onyo lilitolewa mpaka pwani ya Kenya. Tarehe 4 Mei kikapiga kisiwa cha Mafia huko Tanzania na kupungua nguvu. Wako waliosema Mombasa ilitishwa bure. Vimbunga ni nadra katika nchi zilizo karibu na ikweta, lakini nadra si kamwe: kimoja kiliipiga Unguja mwaka 1872 na kuangusha mikarafuu kwa maelfu, kingine kikaipiga Lindi mwaka 1952. Mashua iliyofungwa siku mbili bila sababu haikumuua mtu.

Kwa mambo madogo, ya uani, jicho la mwenyewe na daftari vyafaa zaidi. Daftari la senti chache, lenye mistari mitatu kila siku: redio imesema nini, mzee wa jirani amesema nini, na nini kilichotokea papa hapa juu ya kichanja hiki. Baada ya Julai moja na Agosti moja mtu atajua ni nani amwaminiye na kwa jambo gani. Atajua pia kama mvua ya shamba lake huja zaidi kabla ya saa tatu asubuhi au baadaye, jambo ambalo ofisa aliye Nairobi hawezi kumwambia. Lingekuwa jambo jema kama idara yenyewe ingechapisha kila mwisho wa msimu hesabu ya namna hiyo, mara ngapi ilipata na mara ngapi ilikosa, kaunti kwa kaunti. Mtu hukasirikia kosa lililofichwa kuliko lililoandikwa.

Yule karani wa Likoni, inasemekana, alinunua daftari. Hulijaza siku za Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine tano humjazia shangazi, ambaye hakusoma sana, kwa alama mbili alizozibuni mwenyewe: duara kwa jua, mstari kwa mvua. Jumatatu asubuhi karani hushuka kivukoni, ufunguo wa ghala akiwa amemwachia huyo shangazi, na feri inapoiacha Likoni watu wote hutazama mbele mjini, ila yeye hugeuka akatazama mlango wa bahari, upande lijiako wingu.